Ada ya Ulinzi ya Sultani Ghalibu

Palikuwa na Sultani katika kisiwa cha Mavulini, jina lake Ghalibu, aliyejenga uwanja wa ndege kisha akaanza kuuogopa. Akaajiri askari sitini. Akanunua mashine ya kumulika mizigo, na mlango wa chuma unaopiga kelele hata ukipita na sindano. Sasa nani alipie ulinzi wote huo? Baraza likakaa siku tatu. Waziri mmoja akasema, "Tuwatoze abiria kwa kilo." Sultani, ambaye kwa kilo hakuwa haba, akamkata jicho. Mwingine akasema, "Alipe mwenye ndege." Mwenye ndege alikuwa shemeji yake Sultani. Siku ya tatu, biriani ilipokaribia, ikapita amri: kila abiria riali mia, tajiri na maskini sawasawa.

Riali mia! Kwa mshona magodoro hiyo ni kazi ya miezi miwili.

Na mshona magodoro ndiye aliyekuwa kwenye foleni Jumatatu ile. Mwanakombo binti Heri, mwembamba, nyuzi za sufi zimemganda kwenye nyusi. Binti yake Riziki alikuwa ng'ambo, mimba ya kwanza, mwezi umetimia, hana mtu wa kumshika mkono. Ndege ilikuwa moja kwa wiki. Mwanakombo alikuwa ameuza kitanda chake apate tiketi. Magodoro anashona, akalala mkekani.

Askari wakamvua viatu. Wakakung'uta kanga zake. Wakamfumua nywele. Wakachukua chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe ili akamkande mwanawe.

"Hii hairuhusiwi."

"Mafuta ya nazi yamemfanya nini mtu?"

"Hairuhusiwi, mama. Sogea dirishani, riali mia."

"Za nini?"

"Za ulinzi."

"Sina. Na ningekuwa nazo, nisingetoa."

Akaketi juu ya kikapu chake, katikati ya njia. Nyuma yake foleni ikasimama. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, maana ndege ilishaanza kunguruma nje, lakini uso wake ulikuwa mkavu kama chaki.

Basi siku hiyo Sultani naye alikuwa anasafiri, anakwenda kung'oa jino. Akaingia kwa mlango wa pembeni, kwenye zulia, waziri mmoja akimsindikiza, na masanduku sita nyuma yake. Akakuta foleni imekwama.

"Nani anachelewesha ndege?" akauliza, shavu limevimba.

"Riali zako mia, Maulana," Mwanakombo akajibu, akainuka kwa adabu. "Mimi nilikuwa nishapita."

"Lipa, upite. Anayelindwa ndiye anayelipa. Nimesema vibaya?"

"Umesema vyema mno. Nauliza tu, Maulana, nalindwa na nani?"

"Na askari wangu!"

"Hapo kweli. Wameshanyang'anya mafuta yangu, nahitaji sana kulindwa nao."

Foleni ikakohoa. Sultani akashika shavu.

"Unalindwa dhidi ya watu wabaya, mwanamke! Wenye visu! Wenye baruti!"

"Wako wapi?"

"Hatuwajui. Ndiyo maana tunapekua."

"Na mimi mlipokuwa mnanipekua, nilikuwa nalindwa au nashukiwa?"

Sultani akamtazama waziri wake. Waziri akatazama dari.

"Ulikuwa... unashukiwa," Sultani akasema.

"Ahsante. Mwizi akikamatwa hapa Mavulini, hulipa mshahara wa askari?"

"Halipi. Lakini huyo ni mwizi!"

"Basi mimi sijaiba hata uzi, nimezidiwa bahati na mwizi!"

Watu wakaangua kicheko. Sultani, jino linamgonga, hakutaka ziada.

"Nimekusamehe. Wewe panda bure. Panda, unyamaze!"

Mwanakombo akabeba kikapu chake. Hatua tatu kuufikia mlango. Akamwona Riziki akilini mwake, peke yake huko ng'ambo, akiuma kanga kwa uchungu. Angekwenda tu. Kisha akatazama nyuma: mzee na fimbo yake, mwalimu akihesabu sarafu kiganjani, bibi mmoja amefumuliwa nywele kama yeye. Kikapu akakitua.

"Na hawa thelathini na wanane, Maulana?"

"Hawa watalipa!"

"Kwa kulindwa dhidi ya nani? Mtu mbaya si mimi? Nami umenipitisha bure."

"Wanalindwa wao kwa wao!"

Mwanakombo akaigeukia foleni. "Jamani, mmepekuliwa?"

"Tumepekuliwa!"

"Hata babu?"

"Hadi fimbo!" akasema mzee.

"Basi sote tunashukiwa, na mshukiwa halipi, ameamua Sultani mwenyewe. Sasa tumtafute aliyelindwa. Je, yupo katika safari hii mtu ambaye hakupekuliwa?"

Waziri, kwa kutaka kumtetea bwana wake, akafoka:

"Koma! Maulana hapekuliwi! Nani amshuku Sultani?"

"Hakuna," Mwanakombo akasema, akainamisha kichwa. "Yeye peke yake hashukiwi, kwa hiyo yeye peke yake ndiye aliyelindwa, dhidi yetu sisi thelathini na tisa. Riali mia kwa kila kichwa alicholindwa dhidi yake: elfu tatu na mia tisa. Dirisha ni lile pale, Maulana."

Sultani akageuka mwekundu, akageuka kijivu. Akatazama foleni, akatazama masanduku yake sita.

"Na nisipolipa?"

"Hapana neno," akasema Mwanakombo, akampisha njia. "Pita huku kwetu. Anza kwa kuvua kilemba."