Nyumba Isiyotaka Kazi

Paukwa!
—Pakawa!
Paukwa kwa nguvu, mvua inakuja!
—Pakawa, tumo ndani!

Ndani ya nani? Haya, nyamazeni. Leo nina uchungu, wa kucheka acheke peke yake.

Alikuwepo Bi Nguchiro, mjane, katika mji mmoja mdogo wa shamba. Aliishi bondeni kando ya kijito, ndani ya kichuguu kilichohamwa na mchwa. Masika yaliyopita kijito kilipanda kikaingia ndani, gubu! gubu! gubu! kikamchukulia watoto wawili. Akabaki na Tatu, kitinda mimba wake.

Mji mzima ulikwenda matangani isipokuwa Bwana Fisi. Watoto wale walipokuwa wakiita, Fisi aliwasikia, akageukia ukutani akalala. Ndivyo alivyo. Kuzika haji, kukandika haji, kuezeka haji. Pilau huja.

Na ni yeye aliyekuwa na nyumba kilimani, mahali pakavu! Kilima chote kakizungushia miiba, changu, changu. Lakini ukuta wake umebanduka na paa limetoboka, maana asiyewakandikia wenzake, nani amkandikie?

Mawingu yalipoanza kujikusanya tena, Bi Nguchiro alipanda kilimani.

"Bwana Fisi, nihifadhi kwenye kona tu, mimi na mwanangu."

"Kona? Toka hapa kabla sijamtafuna huyo mwanao!"

Akashuka analia. Majirani walimhurumia, lakini vibanda vyao vilijaa watoto mpaka mlangoni. Alilia mpaka machozi yakamwishia, maana alijua maji yanakuja kumchukua Tatu.

Machozi yalipokwisha, akajikalia nje ya kichuguu, miguu kainyoosha. Wenzake wanakandika, pa! pa! pa! Yeye kakaa tu, anaita:

"Nyumba ya kisasa inauzwa! Haitaki kazi!"

Fisi kusikia haitaki kazi, huyo mbio mpaka bondeni.

"Haikandikwi?"

"Haikandikwi."

"Haiezekwi?"

"Haiezekwi."

"Na kufagia je?"

"Kijito chenyewe hupanda kuifagia, kila masika."

"Loo! Hata mfagiaji yupo!"

"Bwana Fisi, humu nimefiwa," akasema Bi Nguchiro, na machozi yakarudi. Hayo hayakuwa ya hila.

Fisi angekwenda matangani, angejua wale watoto walikufaje. Hata hapo angeuliza, angeambiwa. Hakuuliza.

"Watu hufa popote," akasema. "Chukua ile yangu ya kilimani, nipe hii."

Akajipenyeza, kwaru! kwaru! mabega yakakwama, akasukuma, akaingia. Akajinyoosha akakoroma.

Majirani wakapanda kilimani na udongo na maji na makuti. Pa! pa! pa! Ukuta wa Bi Nguchiro ukasimama, paa likaziba. Aliwapikia uji, wakanywa, wakaenda zao.

Mvua ikaja. Kijito kikapanda. Gubu! gubu! gubu!

"Uuu-wiii! Majirani! Maji! Nimekwama!"

Majirani wakajibu kutoka vibandani mwao, "Nyumba yako haitaki kazi. Unatuitia kazi gani?"

Wakageukia ukutani, wote.

Kule juu, pakavu, Tatu akaamka.

"Mama, nani anaita?"

"Lala, mwanangu."

"Anaita kama walivyoita kaka zangu."

Bi Nguchiro akamziba mwanawe masikio kwa mikono yake miwili. Yake mwenyewe hakuwa na mkono wa kuyaziba. Akasikia mpaka mwisho.

Basi, wajukuu, funzo ni hili: mkiona nyumba isiyotaka kazi, inunueni upesi, wala msiulize waliokuwamo wako wapi. Na matangani msiende, mtajichosha bure.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Mwenye kuipenda aingie nayo kwake. Asiyeipenda aniachie, nina paa linalovuja.