Sauti Sitini na Tatu za Mama Yake Subilaga

Hii imepita mikono mingi kabla ya kufika kwako, na wewe usiikalie. Ila isome kwanza mpaka chini, maana siku hizi watu wanatuma wasichokisoma.

Alikuwepo binti mmoja wa Rungwe, jina lake Subilaga. Alipata nafasi ya kwenda kusomea misitu huko Ucheki, katika mji wa Brno, kwa sharti moja: kwanza akae mwaka ajifunze Kicheki. Si Kicheki cha kuombea mkate dukani. Kile cha chuo kikuu, cha kusikiliza mhadhara, kuandika muhtasari na kujibizana na maprofesa. Akifaulu mtihani, chuo ni chake. Asipofaulu, anafunga sanduku na kurudi kwao.

Subilaga akaona njia ya kuiweza lugha hiyo ni kuachana na yake. Alijiambia kwamba Kiswahili na Kicheki ni wake wenza, hawatakaa kichwa kimoja kwa amani. Basi siku ya pili tu baada ya kufika akamwomba mama yake asimpigie simu mpaka atakapofaulu. Mama akakubali. Subilaga akawa anatuma maneno mawili kila Jumapili, "Niko salama," basi.

Mama hakupiga, ila alianza kutuma ujumbe wa sauti. Mara mbili kwa wiki unaingia. Subilaga hakufungua hata mmoja. Kila ulipoingia aliutazama, kisha akaifunika simu na kurudi kwenye daftari. Msidhani hakuwa akimkumbuka mama yake. Alimkumbuka mpaka chakula kikamshinda. Asubuhi za baridi ya Brno alikuwa anasimama dirishani akitamani ukungu wa kwao, migomba inayodondosha maji, na mtu mmoja tu wa kumuuliza ameamkaje na kungoja jibu.

Mtihani wa kuandika aliupita vizuri sana. Ukabaki wa kuzungumza. Kule unaokota namba mezani, kila namba ina mada yake, unapewa robo saa kujiandaa, kisha unakaa mbele ya maprofesa watatu. Mada zilikuwa thelathini na zilijulikana. Subilaga akafanya tulivyofundishwa sote tangu darasa la kwanza: akakariri majibu thelathini, neno kwa neno. Tusimcheke.

Akaokota mada ya misitu na maji. Akaimwaga yote bila kosa. Mwenyekiti wao, profesa mwenye nywele nyeupe aitwaye Doležal, akamngoja amalize, akamuuliza, "Na wewe mwenyewe unaonaje?"

Subilaga akainamisha macho kwa adabu. Kisha akaanza upya, kuanzia mstari wa kwanza.

Wakamfelisha. Wakampa nafasi moja ya mwisho, baada ya miezi miwili.

Mchana ule alirudi nyumbani kwa Bi Jarmila, mjane aliyempangisha chumba, akakaa jikoni na koti lake mwilini. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akaitoa simu akaona sauti sitini na tatu zinamngoja. Akafungua ya kwanza kabisa.

Sauti ya mama yake ikajaa jikoni, na kuku nyuma yake, na mlango wa bati unaogongwa na upepo. Subilaga akalia kwa sauti, kama mtoto.

Bi Jarmila alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la cheri, vitunda vyekundu vya kwao. Hakuelewa neno lolote, lakini akauliza ni nani huyo. Subilaga akasema ni mama. Bi Jarmila akaketi, akaanza kutoa mbegu za cheri.

"Anasema nini?"

Subilaga akajaribu kueleza kwa Kicheki. Mama alikuwa anasimulia kuhusu Mzee Ambilikile, jirani yao, ambaye amepanda mikaratusi, ile miti inayonyonya maji, kandokando ya kijito, na kijito kimeanza kukauka. Maneno yalimkimbia. Dakika mbili za mama zilimchukua nusu saa kuzieleza, na Bi Jarmila hakumhurumia hata kidogo. Kwa nini wasiikate hiyo miti? Kwani kijiji hakina mwenyekiti? Huyo mzee anajiona nani? Subilaga akalazimika kueleza kwamba Mzee Ambilikile ni mtu wa heshima, amewasomesha yatima wanne, na mti ukishapandwa na mkubwa huuendei tu na panga.

Kesho yake Bi Jarmila akadai sauti ya pili. Ikawa ndiyo kawaida, kila siku baada ya chakula cha mchana, sauti moja. Walijua ng'ombe alizaa lini. Walijua nani kagombana na nani kwenye kikao cha maji. Siku ambayo mama alikohoa katikati ya maneno, wote wawili waliacha kula. Bi Jarmila naye alikuwa na mwana Kanada asiyepiga simu, na hilo aliwahi kulisema mara moja tu.

Kumpigia mama, Subilaga hakuthubutu. Angeanzaje? Kwamba amefeli, na kwamba kwa miezi minane alimwacha anaongea peke yake? Aibu ilimzuia, na hamu ikazidi.

Siku ya mtihani ikafika. Akaokota namba, akakuta mada ya usafiri wa mjini. Aliijua kwa moyo. Hakufika sentensi ya tatu, profesa Doležal akainua mkono.

"Hayo tunayajua. Tuambie jambo tusilolijua sisi."

Subilaga akaona chuo kinampotea tena. Halafu, sijui ni nini kilimfungua mdomo, akasema, "Nyuma ya kwetu kuna kijito kinachokufa."

Akawasimulia. Akawaambia habari za mikaratusi, za mzee mwema aliyekosea, za akina mama wanaotembea mbali zaidi mwaka huu kuliko mwaka jana. Profesa akamkatiza kwamba miti hiyo hukua haraka na huleta fedha, wanakijiji wasilalamike. Subilaga akamtazama usoni mzee yule wa watu.

"Hapana, profesa. Hapo sikubaliani nawe."

Wakabishana mpaka muda ukapita na hakuna aliyetazama saa. Walipomaliza, profesa akasoma karatasi yake.

"Mara ya kwanza hukukosea hata neno moja, tukakufelisha. Leo nimehesabu makosa kumi na saba." Akavua miwani. "Karibu chuoni."

Subilaga hakungoja kufika nyumbani. Akapiga simu palepale kwenye ngazi, na mama akapokea mlio wa kwanza.

"Nimefaulu, mama. Nisamehe. Miezi minane sikusikiliza hata sauti yako moja."

"Nilijua," mama akasema. "Kaka yako alinionyesha kile kialama cha kwenye simu, kwamba ukisikiliza kinageuka rangi. Hakikuwa kinageuka."

"Sasa mbona uliendelea kutuma?"

Mama akacheka kidogo.

"Kwani wewe umelelewa nyumba gani, Suba? Asiyekuwepo hufunikiwa chakula chake. Nilikuwa nakufunikia. Halafu vialama vikaanza kugeuka, kimoja kwa siku, nikawaambia hapa nyumbani: mtoto anakula."

Funzo: Usifunge mlango wa kwenu ili ufunguliwe wa ugenini, kwa maana lugha ya watu utaikopa, lakini la kuwaambia hutoka kwenu, na kama kuna sauti ya mzazi hujaifungua, ifungue kabla hujaituma hii kwa mwingine.