Koili Iliyodondoka Tanurini

"Mwepesi hutangulia, mzito hupanda mwisho." Mmemsikia fundi wenu akimwambia hivyo mwenzenu asubuhi, mkacheka, halafu mnanifuata mimi mniulize imetoka wapi. Vijana nyinyi! Mnacheka kwanza, mnauliza baadaye. Haya, vuteni viti. Chanzo chake ni karakana iliyokuwa hapa hapa Muheza, na mimi nilikuwamo, macho yangu yakiwa bado mazima.

Karakana ilikuwa ya Fundi Mhina. Tulikuwa wanane, tukipanga spea ndogo ndogo kwenye bodi za umeme. Kazi yenyewe mnaijua: unapaka uji wa lehemu pale spea zitakapokaa, unazibandika, unaingiza bodi kwenye tanuri. Uji unayeyuka, ukipoa unakuwa mgumu kama chuma. Bodi ikiwa na spea pande zote mbili, unaigeuza, unapanga upande wa pili, na inarudi tanurini huku ule upande wa kwanza umetazama chini.

Mwaka ule hospitali ilituagiza bodi nane za mashine za kupasha joto watoto njiti. Tulikuwa na vifaa vya bodi kumi tu. Fundi Mhina akampa kazi hiyo Sikudhani, binti aliyekuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. "Zikifaulu, unabaki. Zisipofaulu, rudi kwenye machungwa," alimwambia, na mtu yule hakuwa na utani hata kidogo.

Sikudhani alikuwa amekulia kwenye kupakia machungwa. Na mpakiaji wa Muheza ana sheria moja tangu utotoni: mzigo mzito kwanza, mwepesi juu yake. Basi akaanza na upande wenye koili, lidude la shaba lenye miguu miwili myembamba, pamoja na vispea vichache. Upande ule ukatoka safi kabisa. Akageuza bodi, akapanga upande wa pili, akairudisha tanurini. Tukasikia, ko! Bodi ikatoka, koili ikabaki ndani.

"Uji haukutosha," akasema. Bodi ya pili akaipaka uji mwingi. Lo! Koili ikadondoka vilevile, na uji ukatambaa ukaunganisha miguu isiyotakiwa kugusana. Nilipoitazama kwa kioo cha kukuzia nilimwonea huruma, maana kazi ile ndiyo ilikuwa inamlisha yeye na mama yake.

Fundi Mhina akaja, akatazama, akasema polepole, "Zimebaki nane, na hospitali inataka nane. Ukiharibu moja, kesho usije."

Siku hiyo zamu ya kupika ilikuwa ya Sikudhani. Alikwenda kuosha mchele akiwa amenuna. Mara namwona anakuja mbio, mkono umelowa.

"Dada Mwanahamisi, tazama!" Akageuza kiganja kikatazama chini. Chembe za mchele zilikuwa zimeng'ang'ania. Akachukua harage, akaliweka kwenye kiganja kile kile, akageuza. Likaanguka.

"Sasa? Ndiyo chakula chetu kimwagwe chini?" nikamuuliza, nina njaa zangu.

"Dada, vile vispea vilivyokuwa na koili havikudondoka hata kimoja! Uji ukiyeyuka unakuwa kama maji. Mwepesi unamshika, mzito mwenye miguu myembamba haumwezi, hata nipake ndoo nzima. Kosa si la uji. Kosa ni langu, nimepanga kama napakia machungwa."

"Kwa hiyo?"

"Naanza na upande wa vispea vitupu. Koili iingie mwisho, ikiwa juu. Haitapinduliwa tena."

Fundi Mhina alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote. "Una uhakika?"

"Sina, Fundi. Lakini naomba nijaribu."

Akamkubalia. Chakula tukakisahau. Bodi ya kwanza kati ya zile nane ilipoingia mara ya pili, sote wanane tulitega masikio, na mimi nilikuwa naogopa kuliko mwenyewe. Hatukusikia kitu. Ikatoka, koili imesimama wima. Zikafuata nyingine saba, zote nzima.

Wiki iliyofuata watu wa hospitali walikuja kuzipima. Walipoondoka, Fundi Mhina akatuita.

"Chai iko tayari," akasema. "Meza mpya ya kazi inakuja Jumatatu. Bodi zote nane zimekubaliwa." Akachukua birika. "Na msimamizi wa meza hiyo ni Sikudhani. Majaribio yamekwisha."

Sikudhani alikaa chini pale pale, akalia. Kisha akasema katikati ya kilio, "Jamani Fundi, si ungeanza na hilo! Umenitesa na chai yako!"

Fundi Mhina akacheka, na kabla ya siku ile hakuna aliyewahi kuyaona meno yake.

"Si umenifundisha mwenyewe, mwanangu? Mwepesi hutangulia, mzito hupanda mwisho."