Fremu Saba za Obura

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Maana yake si ngumu: kosa dogo lisiporekebishwa mapema huzaa kazi kubwa. Tatizo ni kwamba wengi wetu huikumbuka methali hii tunapomnyoshea mwingine kidole, ilhali nyufa zetu wenyewe tunazipaka rangi. Fundi Obura alikuwa mmoja wetu.

Mwaka wa 1956 hakuna aliyemshinda Obura kwa useremala mjini Nakuru. Alikuwa ametengeneza mabehewa ya garimoshi kwa miaka ishirini. Ndipo akaitwa na Bwana Surjan Singh, mwenye kiwanda cha kupasua mbao, ambaye pia alikuwa rubani. Singh alikuwa ameagiza ng'ambo ndege ndogo ya kujiundia, ikaja vipande vipande ndani ya sanduku. Obura alitakiwa kuunda fremu saba za mbao, ziushike mwili wa ndege kwa ndani kama mbavu. Mbao laini zilizoletwa zilitosha fremu saba tu.

Singh hakumficha jambo. Macho yake yalikuwa yakififia, na mwezi wa Januari daktari angeyapima. Akishindwa, leseni yake ya urubani ingekwenda na maji. Kwa hiyo ndege sharti iruke kabla ya Krismasi, na siku hiyo kiti cha pili kingekuwa cha Obura.

Tangu hapo Obura aliishi nusu ardhini, nusu mawinguni. Alipopiga randa, maranda meupe yalimwangukia miguuni, naye akayatazama mpaka yakageuka mawingu. Aliliona ziwa kutoka juu, limezungukwa na heroe, ndege wa rangi ya waridi, kama pindo la leso. Aliiona kreta ya Menengai ikipiga miayo, na mabonde ya Subukia yakilala kijani ndani ya ukungu. Mkewe Adero alipomletea chakula cha mchana, ilimbidi amwite mara tatu. Hakukasirika, alikuwa hajamwona mumewe na furaha kama ile tangu wahamie mjini.

Ubaya ni kwamba anayeota huifanya kazi kwa mazoea. Juu ya meza ndefu kulichorwa mstari wa katikati, na karatasi ya vipimo ilisema kila fremu ipimwe kutoka mstari huo. Lakini kwenye mabehewa Obura alizoea kukipima kipande kwa kile kilichotangulia, maana behewa husamehe. Basi kila fremu ikasogea upande kwa unene wa alama ya penseli. Alipofika ya tatu na kuulaza ufito mrefu wa kuziunganisha, pakabaki ufa wa kupitisha ukucha.

Adero aliuona. Alikuwa binti wa mfinyanzi, akamwambia kwamba kwao chungu chenye ufa hakipelekwi motoni.

"Kufungua fremu tatu ni kazi ya siku mbili, Mama Akeyo," Obura akajibu. "Siku mbili sina."

Alichanganya gundi na unga wa mbao, akaujaza ufa ule, akausugua mpaka ukatoweka. Kisha akarudi mawinguni.

Mwezi wa Novemba fremu zote saba zilisimama. Singh akafunga uzi kutoka puani mwa ndege hadi mkiani, akaupapasa kwa vidole polepole. Pua ilielekea ziwani, mkia ukachepukia kando.

"Obura, hii wewe pima na nini?"

"Kwa ile iliyotangulia, Bwana," Obura akajibu. "Na ufa niliuona mapema. Niliuficha."

Singh akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Hakumfokea, na hilo lilimuumiza Obura zaidi. Akasema tu kwamba mbao nyingine zingefika mwezi wa pili. Wote wawili walijua Januari inatangulia.

Gundi ilikuwa imeshika barabara, hivyo fremu zilikatwa kwa msumeno. Januari daktari akaichukua leseni. Mbao zilipofika, Obura aliunda fremu saba upya, kila moja kutoka mstari wa katikati, bila kuota hata mara moja. Ndege ikanunuliwa na mkulima mmoja wa Gilgil.

Mkulima huyo alifika katika uwanja wa nyasi wa Lanet pamoja na mkewe, ambaye aliketi kwenye kiti cha pili akicheka. Ndege ikakimbia, ikainuka, ikaelekea ziwani. Singh alimshika Obura mkono.

"Mimi siwezi kuona," akasema. "Inakwenda sawa?"

Obura aliitazama mpaka machozi yakamlengalenga.

"Imenyooka, Bwana. Imenyooka kabisa."

Naam, usipoziba ufa utajenga ukuta; na pengine ukimaliza kuujenga, wa kuhamia atakuwa mwingine.