Hodi ya Nondo

Itikieni, waungwana, nipate kuanza. Palikuwa na kisiwa chenye msitu mnene, na ukingoni mwake akikaa Bi Mwanakheri, mjane ambaye mwanawe wa pekee, Makame, aliingia msituni kurina asali asirudi tena.

Jioni moja, akisuka ukili peke yake, alisikia: “Hodi!” Akatazama, asione ila nondo mdogo wa rangi ya kahawia mlangoni.

“Hodi ya mdudu? Nenda zako, usije ukanitobolea kanga!”

“Hodi!”

“Huna masikio wewe, una mabawa matupu?”

“Hodi!”

Bi Mwanakheri akamgeuzia mgongo.

Nondo akaruka kuelekea msituni, na sauti yake sasa ilikuwa ya Makame: “Mama, jini wa msituni alinigeuza, akanikataza kujitaja. Karibu yako kabla sijajitaja ingalinirudisha. Nimebisha mara tatu, na adabu uliyonilea nayo hairuhusu ya nne.”

“Karibu, mwanangu! Karibu!”

Nondo alikwisha kutoweka, na msitu ukaimeza sauti ya mama.

Tangu siku ile, kila magharibi, Bi Mwanakheri huketi kizingitini akasema karibu, wala hapana abishaye. Ngano yangu imekoma pale mlangoni pake. Nanyi mkibishiwa hodi, itikieni.