Mtungi wa Watu wa Sengayu

Sogeeni hapa. Anayetafuna ameze kwanza, hadithi hii haitaki kelele.

Katika kisiwa cha Borneo, juu kabisa ya Mto Sengayu, walikaa ndugu watatu katika nyumba moja ndefu ya milango ishirini, kila mlango familia yake. Renggi aliwakariri mababu kumi na wawili, na kila mmoja alijenga wapi, bila kumeza mate. Lemai aliijua miti kama mtu ajuavyo wanawe. Sawai alikuwa mfumaji, na kitambaa alichorithi kwa bibi yake kilionyesha kila kona ya mto.

Watu wa pwani waliwaita watu wote wa bara Dayak, tena kwa kubinua midomo. Sawai alilichukia jina hilo. "Sisi tunaitwa kwa maji tunayokunywa," alisema.

Siku moja akaja karani wa serikali, viatu vinang'aa, akili haing'ai. Akaandika daftarini: Dayak.

"Nyinyi mnahamahama kama nguruwe pori," alisema. "Bonde hili limeombwa na tajiri wa pwani. Mwezi ujao mtoke."

"Muulize huyo tajiri babu yake kazikwa wapi," Sawai akamjibu.

"Nionyesheni walipokaa mababu zenu, mama, nami nitaandika vingine."

Renggi akakariri mpaka kwa Umpang, babu wa kumi na mbili, aliyejenga kona ya saba chini ya maporomoko. Karani akapiga miayo. "Kona ya saba ni kinamasi kitupu."

Sawai akatandaza kitambaa. "Mto ulihama kwa mafuriko. Uzi haukuhama. Kona ya saba ilikuwa huku, nyuma ya kilima."

Wakaenda. Msitu mtupu. Karani akacheka mpaka akashika kiuno, na Sawai akatamani ardhi immeze.

Lemai akaitazama miti ya miduriani iliyokuwa pale. "Imejipanga mstari," alisema. "Watu walikula duriani, kokwa wakatupa nyuma ya nyumba. Chimbeni mbele yake."

Zikatokea nguzo za nyumba, nyeusi, ngumu kama chuma. Karani akafuta, akaandika: Watu wa Sengayu, wenyeji. Hakuaga.

Sasa, marehemu baba yao aliacha mtungi wa mababu kwa atakayeliokoa jina la nyumba.

"Bila ulimi wangu mngetafuta nini?" Renggi akauliza.

"Ulimi wako ulimpigisha mtu miayo, kaka," Sawai akamwambia.

"Na wewe dada ulitufikisha kichakani, ukanyamaza," Lemai akasema.

Mama yao, aliyeachiwa kuamua, akafa hajaamua. Renggi akarithi mkeka wa mkuu wa nyumba, Lemai miduriani, Sawai kitanda cha kufumia. Wajukuu walirithi hata lile jina la dharau, Dayak. Leo wanajiita hivyo vichwa juu.

Mtungi bado uko barazani, umejaa vumbi, maana atakayeupangusa ataambiwa anajimilikisha. Haya, nyinyi mlionyamaza: mngemkabidhi nani?