Nani Aliyeokoa Shingo ya Singano?

Sogeeni karibu, na msikilize vizuri, kwa sababu nikimaliza nitawauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Korogwe walikuwepo watu watatu. Mwantumu, mwalimu mstaafu, akisoma kitu mara moja hakisahau tena. Kilua, seremala, akichonga embe la mti, nzi hutua juu yake. Na Shemboza, mwigizaji, akikasirika jukwaani, watu wa mstari wa mbele hurudisha viti nyuma.

Mwaka mmoja alifika Bi Rukaiya, mtengeneza filamu, kutengeneza filamu ya riwaya ya zamani iliyoitwa Panga la Sebuge. Sebuge anafungwa kwa ushahidi wa uongo. Baada ya miaka ishirini anatoka, anamsaka aliyemsingizia. Shemboza akapewa kuwa Sebuge. Adui akawa Singano, mwenye duka la dawa.

Bi Rukaiya alikuwa mgeni, kuna jambo hakulijua. Baba yake Singano ndiye aliyetoa ushahidi kwamba Mzee Mhina, baba yake Shemboza, aliiba katani ya shamba. Mzee Mhina alifia gerezani. Shemboza siku zote aliamini ushahidi ule ulikuwa wa uongo, ila hakuwa na la kuonyesha. Kazi ile aliikubali kwa sababu moja: alitaka kumwona Singano amepiga magoti.

Nakala ya riwaya ilipatikana moja tu, na sura ya mwisho imeliwa na mchwa.

"Basi, anamkata, tunamaliza," akasema Bi Rukaiya.

"Hapana, mwanangu," akasema Mwantumu, aliyekuwa ameisoma zamani. "Adui anakiri kwanza. Shika kalamu."

Akaisema sura nzima, neno kwa neno, Bi Rukaiya akiandika.

Asubuhi ya onyesho la mwisho, katika ghala la katani, Kilua, aliyewachongea vifaa vya filamu, alimkuta Shemboza ameshika panga la kweli, lile la kukatia mkonge katika filamu, akipitisha kidole gumba kwenye makali. Shemboza alipokwenda kuvaa, Kilua akaliondoa, akaweka la mti alilokuwa amelichonga mwenyewe na kulijaza misumari mpinini ili uzito ulingane. Hakumwambia mtu.

Singano akapiga magoti. Kamera ikaanza.

"Sebuge, hukuiba. Nilisema uongo mbele ya hakimu..." Akainua uso. "Shemboza, Mzee Mhina hakuiba. Baba alisema uongo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilijua, nikanyamaza. Maneno haya siwezi kuyasema kama ya mtu mwingine. Nisamehe."

Panga likapanda. Likakaa juu. Bi Rukaiya akafumba macho, akasikia kishindo cha kitu kupasuka.

Alipofumbua, Singano bado alikuwa na kichwa chake. Panga lilikuwa limepiga robota la katani, shibiri moja kutoka sikioni mwake, likavunjika vipande viwili. Shemboza akaokota kipande, akakigeuza, akaona mti. Akakaa chini sakafuni akalia. Singano naye akalia. Halafu mtu mmoja akaanza kucheka, ghala zima likacheka.

Filamu ilipendwa sana. Kwenye tamasha wakapewa kombe moja, na Bi Rukaiya akamkabidhi Singano.

"Shingo ni yako, kaka. Mpe aliyeiokoa."

"Mimi nilikupa maneno," akasema Mwantumu. "Bila kukiri, hasira ya Shemboza ingelegezwa na nini?"

"Mwalimu, maneno hayazuii chuma," akasema Kilua. "Mkono ungekosea hiyo shibiri moja je, na panga ni lile la kweli?"

Shemboza alizungumza taratibu. "Mimi sikujua kama ni mti. Mpaka linapasuka nilidhani ni chuma. Na huu mkono uliokwenda pembeni ni wangu."

Singano aliwatazama mmoja mmoja, akicheka huku machozi yakimtoka, akashindwa. Kombe liko dukani kwake hadi sasa, katikati ya chupa za dawa ya kikohozi. Wateja wakiuliza ni la nani, huwajibu, "Nisaidieni."

Basi ninyi mliokaa hapa, msaidieni. Kombe lingekuwa mkononi mwako, ungempa nani?